Kuazima Maji na Wazee wa Uchina

Nilisoma mpaka darasa la tatu katika shule ya misheni, tena kwa kukatizwa, kwa sababu kahawa ikiiva shule ya msichana ilikuwa imefungwa hata kama mwalimu yuko darasani. Lakini kichwa changu hakijawahi kudondosha jina la mtu. Kaya zilizotumia maji ya mfereji wetu, tangu kule juu penye msitu mpaka zinapokaribia tambarare za Nduruma, zilikuwa arobaini na moja, na nikifumba macho nazitaja zote, baba, mama, watoto, hata ng'ombe. Hapa sitaandika hata jina moja. Wajukuu wao wapo, tunazikana nao na kuozana nao, na habari hii ina aibu kidogo ndani yake.

Nimeamua kuiandika kwa sababu ya mjukuu wangu mmoja anayesoma chuo, mambo ya utawala. Siku moja alikuwa akinieleza kwamba zamani sana, kabla ya Yesu, kule Uchina kulikuwa na wazee waliobishana namna ya kutawala watu vizuri. Nikamwambia hao nawajua. Akanitazama kama mtu anayeona bibi yake ameanza kupotea. Nikamtajia majina yao jinsi nilivyoyasikia, akacheka mpaka akakaa chini, maana mimi niliyapokea kwa shemeji yangu, na shemeji yangu aliyapokea kwa dobi, na kila aliyeyapokea aliyapinda kidogo. Lakini maneno yenyewe, alisema, ni yale yale. Basi nieleze yalivyofika Mlima Meru wakati wa Mwingereza, na yalivyotugombanisha nyumbani kwetu.

Niliolewa vita vilipokuwa vinakwisha. Mume wangu alikuwa seremala mjini Arusha, kwenye karakana ya Mhindi, akija nyumbani Jumamosi na kurudi Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote nilishinda na mama mkwe wangu, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu watatu. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita bibi arusi, na aliendelea kuniita hivyo mpaka nilipozaa. Tuliishi kwenye kihamba, ndivyo tunavyoita shamba la nyumbani la migomba na kahawa, na nyumba ya pili hapo ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Huyo shemeji ndiye aliyekwenda vitani. Alirudi kutoka Burma akichechemea, na koti la jeshi ambalo alilivaa hata jua likiwaka, na kikombe cha bati ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Alikuwa amelala miezi mingi kwenye hospitali ya jeshi huko Bara Hindi, mguu ukikataa kupona. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango wa kufulia nguo, na dobi wa pale alikuwa Mchina, mtoto wa mwalimu, aliyekimbia kwao kwa ajili ya Wajapani. Dobi huyo alikuwa amejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wetu. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, shemeji alisema, kisichojua tafadhali. Kwa Kiswahili hicho alimsimulia habari za kwao huku akikunja mashuka, na shemeji yangu, ambaye hakuwa na la kufanya ila kuutazama mguu wake, alizishika zote.

Alizirudisha kwetu jikoni, wakati tunakula. Alisema zamani nchi ya Wachina ilikuwa imekatika vipande vipande, kila kipande na mfalme wake, na wote wanapigana. Wenye akili walikuwa wanatembea kutoka kwa mfalme huyu kwenda kwa yule wakitembeza ushauri kama sisi tunavyotembeza maziwa, na wengi walirudi na kibuyu kimejaa. Kila mmoja alikuwa na dawa yake ya nchi. Watu wa pale kijijini walipozisikia habari hizo walimpa shemeji jina la Mchina, na watoto walimfuata njiani wakichechemea nyuma yake. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa mzaha mwenyewe.

Mmoja wa wazee hao, alisema, alifananisha kutawala na kupika samaki wadogo. Hapo ndipo palipoharibika. Sisi wa mlimani wakati ule hatukula samaki, kwetu alikuwa ndugu wa nyoka aishiye majini. Mama aliweka kijiko chini akauliza kama ni kweli wafalme wa huko wanakula nyoka. Shemeji akajaribu kueleza kwamba samaki wadogo ukiwageuzageuza wanavunjika, na mfalme akiwasumbuasumbua watu nao wanavunjika, kwa hiyo dawa ni mkono mtulivu. Mama akamwambia basi aseme ndizi, tumwelewe. Ndizi ukizikoroga kabla hazijaiva unapata chakula cha mbwa. Shemeji akafikiri, akakubali kwamba ni ndizi. Tangu siku hiyo yule mzee wa Uchina, popote alipo, anapika ndizi.

Mwingine alifundisha kwamba nchi itatulia siku kila mtu atakapompenda mtoto wa jirani sawasawa na wa kwake.

“Huyo hakuzaa,” mama alisema.

Yalikuwapo mawili ambayo lazima niyaseme vizuri, kwa sababu ndiyo yaliyokuja kupigana. La kwanza lilikuwa la wazee wakali wa sheria. Hao walisema mfalme asitegemee wema wa watu. Atangaze sheria mapema, kila mtu aisikie, kisha imkate mkubwa kama inavyomkata mdogo. La pili lilikuwa la mzee mwingine aliyependa heshima na taratibu za nyumbani. Aliambiwa habari za mtu mnyoofu sana, ambaye baba yake alipoiba kondoo alikwenda kumshitaki. Mzee yule hakumsifu. Alisema unyoofu anaoujua yeye ni baba kumsitiri mwanawe na mwana kumsitiri baba yake. Mama aliipenda sana hiyo ya kondoo. Aliomba asimuliwe tena.

Na huyo huyo mzee wa heshima alisema kazi ya kwanza ya mtawala ni kuyaweka majina sawa. Anayeitwa mfalme afanye ya mfalme, anayeitwa baba afanye ya baba. Jina likikaa upande huu na kazi upande ule, watu hawajui pa kukanyaga.

Sasa mfereji. Ulichimbwa na baba wa mababu, kwa majembe na vijiti, ukitoa maji mtoni juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba. Kila kaya ilikuwa na zamu yake. Ukifika wakati wako unaondoa magome ya migomba na matope yaliyoziba mlango wa shamba lako, maji yanaingia, na ukimaliza unaziba. Wanaume ndio waliofungua na kuziba. Mwanamke aliruhusiwa kuchota tu, kuugusa mlango wa mfereji ilikuwa mwiko.

Kiangazi cha mwaka mmoja kabla sijazaa, watu wa juu na wa chini waligombana kwa ajili ya zamu mpaka wa chini wakaenda Boma mjini kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Yeye akawaambia jambo moja. Wakirudi tena na ugomvi wa maji, atauchukua mfereji, ataweka mtu wake wa kuulinda, na zamu zitagawanywa na Boma. Watu wakaogopa, wa juu na wa chini pamoja. Tulikuwa tumeshaona ardhi ikienda kwa walowezi. Maji yalikuwa kitu cha mwisho ambacho tulikuwa tunakigawa wenyewe, kwa midomo yetu.

Mzee wa mfereji alipofariki mwaka huo, walimchagua shemeji. Kihamba chetu kilikuwa katikati, si juu wala chini, na wengine walitegemea kwamba askari atakuwa mkali. Akaitisha baraza pale mfereji unapogawanyika, na kazi yake ya kwanza ikawa ile ya majina.

Kulikuwa na neno letu la siku zote, kuazima maji. Mtu akifungua nje ya zamu yake, akikutwa, anasema nimeazima. Mwenzake anagomba, wanatukanana kidogo, yanakwisha. Kila mtu alikuwa ameazima. Shemeji akasema neno hilo amelifuta mferejini. Kuazima ni kuomba kwanza, alisema, na usipoomba jina lake ni kuiba, na tuliite hivyo. Kisha akatangaza sheria moja tu. Kaya itakayofungua maji nje ya zamu, zamu zake zote zitakwenda kwa aliyeibiwa mpaka mvua inyeshe. Iwe kaya ya nani.

Upande wa chini alikuwapo mzee mmoja mvuta ugoro, mwenye ulimi wa kukwangua chungu. Aliuliza kama ni hata kwa mama yake mzazi. Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka, akasema hata kwa mama. Habari ilifika jikoni kabla yake, na alipoingia mama alimuuliza kama huko Burma walimfundisha kuchezea jina la mzazi barazani.

Kiangazi kilikuja na nguvu. Mawingu yalijikusanya upande wa Momela kila asubuhi, tukayatazama, kisha yakapotea. Lakini zamu zilikwenda. Miezi miwili hakuna aliyeiba. Watu walianza kumwita shemeji mzee wa mfereji bila mzaha, na yeye alitembea tu asubuhi na mapema, anatazama, anarudi, hasemi na mtu. Nilimuuliza mbona hafanyi kitu. Alijibu kwamba ndizi ziko motoni.

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kwetu mwanamke akizaa analishwa mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa pamoja, mpaka apate nguvu na maziwa, na mama alikuwa ametenga migomba kumi na miwili nyuma ya nyumba kwa ajili ya uzazi wangu. Hakuna aliyeruhusiwa kukata hapo hata jani. Zamu yetu ilikuja mara moja kwa siku kumi na mbili, na katika kiangazi kile haikutosha. Majani yalianza kujikunja. Kila asubuhi mama alikwenda kuyatazama, akarudi hasemi.

Jumapili moja nilibaki nyumbani, miguu imevimba. Mume wangu na shemeji walikwenda kanisani. Mama naye alibaki, alisema goti linamsumbua. Zamu ya asubuhi ile ilikuwa ya mjane mmoja wa chini, mwenye watoto wanne na shamba la maharage. Ndugu wa marehemu mumewe alikuwa amemfungulia alfajiri, wakaenda kanisani wote, wakijua maji yanajiendea.

Nilikuwa nimekaa nje napepeta mtama. Nikamwona mama anashuka kutoka ukingo wa juu wa kihamba, kanga imefungwa magotini, matope mpaka kwenye mashavu ya miguu, na goti halina neno lolote. Nyuma ya nyumba nikasikia maji yanaingia kwenye migomba.

“Usinitazame hivyo, bibi arusi,” aliniambia. “Nimeazima tu. Mwenye kuzaa hawezi kulishwa majani makavu.”

Ningeweza kusema kitu. Ningeweza hata kupanda mwenyewe kwenda kuziba. Niliendelea kupepeta mtama, na kusema kweli sauti ile ya maji ilinifurahisha, kwa sababu yalikuwa yangu na ya mtoto wangu. Ibada ilipokaribia kwisha mama alipanda tena, akaziba, akanawa miguu. Wanaume waliporudi walimkuta amekaa anajikanda goti.

Jumatatu asubuhi yule mjane alikuja kwa shemeji, na nyuma yake mzee mvuta ugoro na wengine wa chini. Alikuwa amelima mitaro yake Jumamosi, na Jumapili maji yalifika nusu ya mtaro wa kwanza yakakatika. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba maharage yameanza kutoa maua na hayatangoja zamu nyingine. Mzee mvuta ugoro ndiye aliyesema mengi. Alisema amesikia kwamba huko kwa Wachina ukame ukizidi, mfalme hujichunguza amekosa nini, basi na wa hapa ajichunguze. Wakapatana kwamba Jumanne kutakuwa na baraza. Ikiwa nyumba ya mwizi haitajulikana na kuadhibiwa, Jumatano alfajiri wanakwenda Boma.

Shemeji aliufuata mfereji peke yake tangu juu. Alipofika mpakani kwetu akaona matope mabichi kwenye mlango wetu. Akashuka mpaka kwenye ile migomba kumi na miwili. Kisha akaja jikoni, kiatu cha mguu mbovu kimejaa tope jeusi.

“Mama,” alisema, “nani amefungua maji jana?”

“Kwani yalifunguliwa?”

“Kiatu changu kimezama kwenye migomba yako.”

“Basi vaa kingine.”

Shemeji akakaa kwenye kigoda. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa panapouma. Mama aliendelea kumenya ndizi.

“Nimeazima,” alisema mwishowe.

“Uliomba kwa nani?”

“Kwa mwanangu, ndiye mwenye mfereji. Niliomba kimoyomoyo.”

Niliuma upindo wa kanga nisicheke. Lakini shemeji hakucheka, na mama alipomwona hacheki aliacha ndizi, akageuka. Alimwambia kwamba habari ya kondoo yeye mwenyewe ndiye aliyeileta katika jiko hili hili, na tena mara mbili. Alitaka kujua kama yule mzee wa Kichina amebadilisha maneno yake tangu siku hizo.

“Hapa jikoni naitwa mwanao,” shemeji alijibu, “na mwanao hatasema kitu. Lakini kule nina jina jingine, mama. Nimepewa na kaya arobaini.”

“Mimi ninalo moja tu,” mama alisema. “Silibadilishi nikivuka uzio.”

 Shemeji aliondoka bila kula, na mimi hakuniuliza kitu. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa sababu sijui ningejibu nini. Mume wangu alikuwa amesharudi mjini, na mke mgeni hamsemi mama mkwe wake, hata akiulizwa na mfalme wa Uchina. Usiku ule nilijua vitu viwili. Akimtaja mama barazani, nyumba yetu imekwisha. Asipomtaja, mfereji unakwenda Boma.

Jumanne watu walijaa. Wanaume walikaa kwenye nyasi karibu na mgawanyiko wa maji, sisi wanawake juu kidogo, kwenye mteremko. Mama alikaa karibu nami, amevaa kanga yake ya kanisani. Shemeji alisimama na koti lake la jeshi. Alisema maneno machache, kwa Kimeru, nami nayageuza kama nilivyoyashika.

“Maji ya Jumapili yaliibiwa na nyumba yangu. Zamu ya mama yangu, ya kaka yangu na yangu, zote tatu, kuanzia leo ni za huyu mama wa chini. Mpaka mvua.”

 Nadhani wengi walikuja na maneno ya kumpiga nayo, na maneno hayo yakakosa mahali pa kutua. Zamu tatu katika kiangazi kile zilikuwa ni kahawa ya shemeji yote, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua.

Mzee mvuta ugoro akajikohoza. Alisema nyumba haina mikono ya kuzibua magome, atajwe mwenye mikono.

“Simtaji,” alisema shemeji.

Watu wakaanza kunung'unika, hata wa juu. Mzee akakumbusha kwamba sheria ilitangazwa mpaka kwa mama mzazi, kila mtu alisikia, walicheka pamoja. Shemeji akajibu kwamba sheria ilisema kaya, na kaya imetajwa, na maji yamekwenda. Sheria haikusema mtu aanikwe. Wakiona haitoshi, wamwondoe, wachague mwingine, naye atakabidhi leo, lakini Boma wasiende.

 Yule mzee aligeuka akatazama mteremko wetu, akanipata.

“Wewe bibi arusi, uliachwa nyumbani Jumapili. Uliona nini?”

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilihisi bega la mama limegusana na langu, limekuwa gumu kama mti. Nilimjua kila mtu aliyekuwa akinitazama, na jina la baba yake, na nilijua nikidanganya watajua na nikisema kweli watajua.

“Niliona jua,” nilisema.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Si kicheko cha furaha, ni kile cha watu ambao wote wanajua kitu na hakuna anayetaka kukiokota. Mama alikuwa anatazama nyasi mbele ya miguu yake, midomo imebanwa. Mzee mvuta ugoro alitoa kibweta chake, akavuta, akapiga chafya mara mbili, akafuta macho.

“Angemtaja,” alisema, “ningekwenda Boma leo hii kwa miguu yangu mibovu. Anayemwanika mama yake mbele ya watu, sisi wengine atatuficha wapi?”

Wengine walikubali, wengine hawakukubali. Wakati wanabishana yule mjane akasimama. Alisema yeye hakuja kutafuta jina, alikuja kutafuta maji, na kama zamu ni zake kuanzia leo basi jua linakwenda. Ndugu wa marehemu mumewe akainuka, akaenda kufungua. Baraza lilikwisha hivyo, bila mtu kusema limekwisha.

Wanaume watatu wa chini hawakuridhika. Hao walikwenda Boma Jumatano vilevile.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mama hakusema na mwanawe. Alimpikia kama kawaida, lakini alinituma mimi. “Mwambie mzee wa mfereji chakula tayari.” “Muulize mzee wa mfereji kama kuni zitakatwa leo.” Shemeji amekaa hatua tatu kutoka kwake, anasikia kila neno, nami nasimama katikati nayarudia kama mkalimani wa Boma. Aliitikia kwa heshima. Maua ya kahawa yake yalikauka yakapukutika, na migomba kumi na miwili ikalala mmoja baada ya mwingine. Kila mgomba ulioanguka mama aliutazama, kisha akamtazama yeye.

Nilijifungua msichana. Siku ya pili mama alibeba majogoo mawili akaondoka alfajiri, akarudi jua linazama na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa amekwenda mpaka soko la Ngaramtoni, upande wa pili wa mji, akapita masoko ya karibu yote, ili asionekane na mtu wa mfereji wetu. Mwanamke wa Kimeru kununua ndizi, heri akutwe anaiba. Nilikula mtori ule na machozi, na aliniambia ni moshi.

Mtoto alikuwa na mwezi Bwana Shauri alipokuja. Alikuwa kijana, uso mwekundu kwa kupanda, na mkalimani ambaye alikuwa mtu wa mlima kama sisi. Aliufuata mfereji tangu juu mpaka kwetu, anauliza kila anayemkuta ni nani mkubwa hapa. Wa kwanza alimjibu kwamba leo ni zamu ya fulani. Wa pili vilevile, kisha wa tatu. Nadhani alifikiri anafichwa mtu. Hakuna aliyemficha, ndivyo tulivyokuwa tunaulizana wenyewe asubuhi, leo zamu ya nani.

Alifika kwetu mama akipukuchua maharage. Shemeji alisimama wima kama yuko gwaride. Bwana Shauri akasema kuna watu wameleta malalamiko kwamba mzee wa mfereji huu anaficha mwizi, na ikiwa ni kweli ataweka mtu wa Boma. Akamuuliza mama anajua nini.

Nilimkumbatia mtoto. Kwa miezi zaidi ya miwili mama alikuwa hajamwita mwanawe kwa jina lake, na sasa neno lake moja lingemaliza kazi.

Mama hakuacha maharage. Alimwambia mkalimani amweleze bwana wake kwamba mtu alifungua maji yasiyo yake, zamu zake zikachukuliwa, aliyenyimwa akapewa, na maharage ya aliyenyimwa yako chini pale, akitaka akayatazame. Sasa Boma litaongeza nini juu ya hapo?

Bwana Shauri akauliza ni nani huyo aliyefungua.

“Mimi ni mwanamke, bwana. Kwa mila yetu mwanamke hagusi mlango wa mfereji. Nitajuaje?”

Mkalimani alishikwa na kikohozi kirefu. Ilibidi nimletee maji.

“Na akirudia?” Bwana Shauri aliuliza.

“Harudii,” mama alisema. “Amekoma.”

Yule kijana alimtazama, akatazama miguu yake, akatazama migomba iliyolala nyuma ya nyumba. Sijui alielewa kiasi gani. Aliandika mstari mmoja katika daftari lake, akasema mfereji ubaki kama ulivyo maadamu hakutakuja malalamiko mengine, akateremka kuelekea alikoacha gari. Shemeji alibaki amesimama vilevile mpaka mlio wa gari ulipokwisha.

Mama alimwaga maharage kwenye chungu. Akapakua ndizi za mchana, akaweka sahani juu ya kigoda, mbele ya mwanawe.

“Zamu yetu inarudi lini?” alimuuliza. Alimuuliza yeye, si mimi.

“Mvua ikinyesha, mama.”

Mama akasonya. Akaitazama ile sahani, akarudi kwenye chungu cha ndizi, akamwongezea mbili.

Mvua ilinyesha baada ya wiki tatu.